Kwadi Kuukuu, Taa ya Mkanda na Waya Uliodanganya

Wale mliozoea kupata hapa habari za hifadhidata na programu za simu, leo mnisamehe kidogo. Leo tunachafua mikono kwa grisi. Nataka tuzungumzie pikipiki ya magurudumu manne, ile wengi tunaiita kwadi. Imezeeka, na ina matatizo mawili kwa pamoja: umeme na mkanda wa kuendeshea.

Msikimbie! Hata kama hujawahi kuikalia kwadi maishani, mbinu ya kuitafuta hitilafu ni ile ile tunayoitumia kwenye tarakilishi. Na kuna jambo moja nataka ubaki nalo ukimaliza kusoma: taa ya onyo ikiwaka, usikimbilie kuizima. Iulize kwanza imeona nini.

Mashine yenyewe

Ni ya Kijapani, ya mwaka 2005, injini ya silinda mbili, gia ya otomatiki inayotumia mkanda. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu mengi niliyoyakuta hayakutoka kiwandani. Mwenyewe ni mjomba wangu. Anakodisha kwadi mbili kwa wageni wanaokwenda kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, kaskazini ya Malindi. Mbili tu, na hizo ndizo zinazosomesha watoto. Moja ilikuwa imesimama tangu Juni, na hii ilikuwa Agosti 2024, mwezi ambao wageni wa Kitaliano humiminika Malindi. Kwa biashara ndogo kama hiyo, kukosa mashine moja mwezi Agosti ni kukosa nusu ya mavuno.

Malalamiko yalikuwa matatu. Niliyaandika kwenye daftari kama ninavyoandika ripoti ya hitilafu kazini:

1. Ukibonyeza stata inatoa "tik" moja halafu kimya. Siku nyingine inawaka vizuri.
2. Ikiwaka, haikimbii. Inachechemea kwa mwendo wa mtu anayewahi matatu, na injini inakatakata ukiongeza mafuta.
3. Taa ya mkanda inamemeteka kwenye dashibodi, ingawa mkanda ni mpya.

Gereji moja ilikuwa imeshatoa hukumu: sanduku la umeme, yaani ile kompyuta ndogo inayosimamia injini, limekufa. La mtumba, kutoka nje, lingegharimu shilingi 60,000. Na kama mjomba hana hizo, basi kulikuwa na njia ya mkato: kuikwepa swichi ya mkanda kwa kipande cha waya ili sanduku lidhani mambo ni shwari.

Familia moja ya wageni ilikuwa imeshalipa kiasi kwa ajili ya Jumamosi. Mimi nilifika Alhamisi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wewe si umesomea kompyuta? Na hili sanduku wanasema ni kompyuta. Basi litengeneze."

Nikamwambia sanduku nitaliangalia mwisho kabisa. Akanitazama kama mtu aliyeleta ng'ombe kwa daktari na daktari anauliza habari za nyasi.

Kwa nini sanduku liwe la mwisho?

Kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo la bei ghali kuliko yote. Pili, ndilo lililofungwa vizuri kuliko yote: limejazwa utomvu mgumu ndani, halina kinachozunguka, halisuguani na kitu. Waya unatikiswa, unaloa, unakunjwa. Mkanda unachomwa kwa joto kila siku. Ukiwa hujui mwizi ni nani, anza na wale waliokuwa nje usiku.

Sheria zangu mbili, kwenye msimbo na kwenye spana: anza na kilicho rahisi kupima, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashine ikapona, hujajifunza kitu. Umebahatika tu, na bahati hairudiwi kwa kubonyeza kitufe.

Umeme kwanza

Kutoka Mambrui ukiendelea kaskazini kidogo unafika Gongoni, ambako kuna mashamba ya chumvi: maji ya bahari yanaachwa kwenye madimbwi, jua linakausha, chumvi inabaki. Hewa na jua ni vile vile vinavyoipata kwadi ya mjomba. Kila inapopita ufukweni inarushiwa maji, maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye viungo vya nyaya. Shaba na chumvi hazipatani. Utaona unga wa kijani.

Nilikuwa na mita ya kawaida ya dijitali, ya bei nafuu. Hivi ndivyo nilivyokwenda:

*Betri ikiwa imepumzika.* Betri nzima iliyojaa chaji husoma karibu volti 12.6 hadi 12.8. Hii ilisoma 12.7. Nzuri.

*Betri wakati wa kubonyeza stata.* Stata ikizunguka, volti hushuka. Ikishuka chini ya 9.6 au hivi, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri ilipopumzika. Hapa nikapata jambo la ajabu: nilipobonyeza, "tik", na betri ikabaki 12.4. Karibu haikushuka!

Tusimame hapo kidogo. Betri ambayo haikushuka ni betri ambayo haikuombwa kitu. Kama stata ingekuwa inakunywa mkondo wake wa kawaida, volti zingeshuka. Kwa hiyo kulikuwa na kizuizi njiani. Umeme unataka kupita na haupiti.

*Waya wa athi.* Huu ni ule mweusi mnene unaotoka kwenye hasi ya betri hadi kwenye mwili wa injini. Fundi wa kwanza alikuwa ameshaupima kwa kile kipimo cha mlio. Mita ikalia "pii", akasema waya ni mzima. Na mimi nikapima vile vile, ikalia "pii".

Wandugu, hapa ndipo waya ulipodanganya. Kipimo cha mlio hutuma mkondo mdogo sana. Waya mnene wenye nyuzi nyingi za shaba ukibaki na uzi mmoja tu usiooza, mita bado italia "pii". Lakini stata inataka makumi ya ampea, na uzi mmoja hauwezi kubeba hayo. Ni kama kuuliza daraja likoje kwa kupitisha kuku, kisha unaleta lori.

Kwa hiyo waya upimwe ukiwa kazini. Niliweka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mjomba akabonyeza stata. Kwenye waya mzima unatarajia usomaji mdogo sana, chini ya nusu volti. Nikasoma 7.9. Volti nane hivi zilikuwa zinapotelea ndani ya waya mmoja mfupi usiofika urefu wa mkono!

Nikachana plastiki yake karibu na kichwa cha upande wa injini. Unga wa kijani ukamwagika. Tulikata, tukaweka waya mpya wa unene ule ule, tukasugua chuma kwa msasa hadi king'ae, tukakaza, tukapaka grisi juu. Stata ikazunguka mara ya kwanza. Mjomba akapiga makofi.

*Chaji.* Injini ikinguruma kwa mwendo wa kati, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma chini, haichajiwi. Ikipita 15, kirekebisha chaji kimeharibika na kitaichemsha betri. Yetu ilisoma 14.1. Kama isingesoma vizuri, ningekwenda kwenye zile nyaya tatu za manjano zinazotoka kwenye jenereta ya injini. Hizo unazipima mbili mbili kwa volti za AC, na namba tatu utakazopata ziwe karibu sawa. Moja ikiwa ya chini sana, koili imeungua.

Lalamiko la kwanza limekwisha. La pili na la tatu bado yapo: taa inamemeteka, kwadi inachechemea. Vizuri! Sasa tunajua ni hitilafu mbili tofauti, si moja.

Gia ya mkanda inafanyaje kazi?

Kwa wale hawajaifungua: fikiria kinu cha kusagia mahindi kijijini. Kuna puli ya mota, puli ya kinu, na mkanda katikati. Puli za kinu hazibadiliki ukubwa. Za kwadi zinabadilika. Kila puli imekatwa vipande viwili kama sahani mbili zilizopeana migongo. Sahani zikikaribiana, mkanda unasukumwa juu, na puli ni kama imekuwa kubwa. Zikiachana, mkanda unazama, na puli ni kama imekuwa ndogo.

Puli ya mbele imefungwa kwenye injini na ina vizito ndani. Injini ikizunguka kasi, vizito vinatupwa nje na kuzisukuma sahani zikaribiane. Puli ya nyuma ina springi inayozibana sahani zake, na mkanda ukivutwa unazipanua. Hakuna klachi ya mguu, hakuna kuhesabu gia. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitoa gari dogo lililokwenda kwa mikanda ya namna hii, na lilisifika kwamba lingeweza kurudi nyuma kwa kasi ile ile ya kwenda mbele. Skuta nyingi unazoziona barabarani zina mfumo huu pia.

Udhaifu wake ni joto. Mkanda unashika kwa msuguano, ukiteleza unaungua. Ndiyo maana puli ya mbele ina mapezi yanayovuta hewa kupitia bomba moja, na bomba jingine linatoa hewa moto nje.

Kwenye kwadi hii wahandisi waliongeza kitu: swichi ndogo yenye kijiti ndani ya kifuniko cha mkanda. Mkanda ukikatika au ukilegea sana, unakipiga kijiti. Sanduku la umeme linaandika tukio hilo kwenye kumbukumbu yake, linawasha taa, na linabana injini isikimbie. Hata ukizima ufunguo, halisahau.

Umeshaelewa? Kuchechemea hakukuwa ugonjwa. Sanduku lilikuwa linatii amri. Mkanda ulikatika Juni, swichi ikapigwa, gereji ikaweka mkanda mpya, lakini hakuna aliyeliambia sanduku kwamba mkanda umebadilishwa. Kijiti kirudishwe mahali pake, kisha kumbukumbu ifutwe kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha modeli hiyo. Kitabu hicho niliwahi kukipakua kwenye simu. Kazi yenyewe ilikuwa ni kubadilishana soketi mbili chini ya kiti, kufungua ufunguo kwa muda mfupi, kuzima, na kurudisha soketi zilivyokuwa. Shilingi sifuri.

Taa ikazimika. Mjomba akazunguka ua na kwadi mara tatu, kanzu ikipepea.

Lakini hatujamaliza

Wengi wangefunga hapa na kwenda kunywa chai. Mimi lilinikera swali moja: mkanda wa kwanza ulikatika kwa nini?

Mjomba hatupi kitu. Mkanda wa zamani ulikuwa umetundikwa kwenye msumari stoo. Nikauchukua. Mkanda uliokufa unazungumza, ukijua lugha yake:

- Ukikonda sehemu moja tu, injini ililazimishwa wakati magurudumu yamekwama. Sehemu hiyo moja ilisuguliwa mahali pamoja.
- Ukiwa na nyufa kwenye meno, ni uzee.
- Ukiwa na mafuta, kuna sili inayovuja, au fundi aliushika kwa mikono ya grisi.
- Ukiwa unang'aa kama kioo pande zote mbili, mgumu, wenye harufu ya mpira uliochomwa, ni joto.

Wetu ulikuwa wa aina ya mwisho. Unang'aa pande zote, na nyuzi za ndani zimechomoza. Kwa hiyo nikafuata joto: hewa inaingilia wapi? Nikafungua bomba la kuingiza hewa na kuingiza kidole. Kitambaa! Fulana kuukuu ilikuwa imesokotwa na kusukumwa ndani.

Kijana anayeosha mashine alieleza bila wasiwasi. Mchanga ulikuwa unaingia kwenye mkanda, yeye akazuia mchanga. Na ni kweli, mchanga ulikuwa tatizo. Alitatua alichokiona. Ila alizuia na hewa pia, na mkanda ukaokwa kama mkate. Mkanda mpya nao ungeokwa vivyo hivyo. Tulitoa fulana, tukafunga sponji ya chujio inayopitisha hewa, na kijana mwenyewe ndiye sasa anayeiosha kila jioni.

Nikafungua kifuniko kuutazama mkanda mpya. Upana wake, kwa kipimo, ulikuwa sawa na ulioandikwa kitabuni, lakini mshale wa mwelekeo ulitazama nyuma. Tukaugeuza. Sahani za puli tukazisafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni.

Ile njia ya mkato

Sasa turudi kwenye kuikwepa swichi. Usiku wa Alhamisi, kabla taa haijazimika, mjomba aliniuliza tena, kwa upole: "Mwanangu, Jumamosi si mbali. Tukiunganisha ule waya tu, wageni watajuaje?"

Simlaumu. Deni la karo halingoji kitabu cha ufundi. Lakini nilimwomba afikirie kitu kimoja. Kwenye kwadi ya aina hii, injini hupunguza mwendo wa magurudumu kupitia mkanda. Ukiteremka kilima na kuachia mafuta, mkanda ndio unaokushika. Ukikatika pale juu, unabaki na breki peke yake, na breki za ufukweni nazo zinaliwa na chumvi. Anayekalia kiti wakati huo si fundi. Ni mtoto wa miaka 16 kutoka nchi nyingine, anayeendesha kwa mara ya kwanza, na aliyeambiwa na mjomba kwamba mashine iko salama.

Na angalia lingine. Tungeikwepa swichi, kwadi ingekimbia, na fulana ingebaki ndani ya bomba. Mkanda ungeungua tena, mara hii bila taa ya kumwambia mtu. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiyafunika macho mvua hainyamazi, unaloa tu bila mwavuli.

Wenzangu wa programu mnalijua hili. Sote tumekutana na msimbo wa mtu unaomeza makosa kimya kimya, kwa sababu tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa kesho. Skrini ni safi, mteja anafurahi, na huko chini data zinaharibika siku baada ya siku.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kama hujaimaliza hadi Ijumaa jioni, nitawarudishia pesa zao." Hiyo, kwangu mimi, ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote za siku zile mbili, na aliyeifanya ni yeye.

Ijumaa saa tisa mchana niliiendesha mwenyewe mchangani kwa muda wa saa nzima, nikasimama, nikagusa kifuniko cha mkanda. Vuguvugu tu. Jumamosi wageni wakaenda na wakarudi.

Ukiwa na kwadi kuukuu, kumbuka haya

1. Ikiwa stata inatoa "tik" tu, pima volti za betri wakati unabonyeza. Zikishuka sana, betri. Zisiposhuka, tafuta kizuizi njiani, na anza na waya wa athi.
2. Usiamini "pii" ya mita kwa nyaya nene. Pima upotevu wa volti waya ukiwa kazini.
3. Injini ikinguruma na kwadi haiendi, au ukisikia harufu ya mpira, simama. Kila dakika unayoendelea inaula mkanda.
4. Kwenye mchanga laini, au ukibeba mzigo mzito, tumia gia ya L, si ya H. Gia ya H kwa mwendo wa pole inautelezesha mkanda, na kuteleza ni joto.
5. Mkanda ukibadilishwa, angalia mshale wa mwelekeo, na soma kama modeli yako inahitaji kufutiwa kumbukumbu.
6. Usitupe mkanda uliokatika kabla ya kuusoma.
7. Baada ya kila safari ya ufukweni, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ila usipige maji ya kasi kwenye mabomba ya hewa.

Gharama yote ilikuwa waya mmoja, vichwa viwili vya waya, sponji na chupa ya spiriti. Lile sanduku la shilingi 60,000 bado liko mahali pake chini ya kiti. Halikuwa na kosa lolote. Tangu Juni lilikuwa linasema ukweli, kwa taa moja ndogo, na kila aliyepita alitafuta namna ya kulinyamazisha.

Haya, tuonane wakati mwingine. Makala ijayo narudi kwenye hifadhidata, naahidi!